Siku Niliyokiri Ulevi Wangu Kwenye Msiba wa Watu

Nilisimama mbele ya watu kama arobaini, nikajitaja jina, nikasema mie ni mlevi, na hakuna hata mmoja pale aliyekuwa amekuja kusikiliza habari hiyo. Mpaka leo nikikumbuka masikio yananiwaka moto. Lakini nimeahidi kuisimulia, maana kila Jumamosi kwenye kikundi chetu anaingia mtu mpya akidhani aibu yake ndiyo kubwa kuliko zote Dar es Salaam nzima. Akishasikia ya kwangu, anapumua.

Naitwa Festo. Mie ni mwalimu wa sekondari, nafundisha Jiografia. Naishi Kinondoni na mke wangu Agnes, ambaye mtaani wanamwita Mama Nuru, na huyo Nuru mwenyewe, binti yetu, aliyekuwa na miaka miwili na nusu wakati huo. Pombe inafanya nini kwenye ini sitaeleza, waulizeni madaktari. Nitasema yaliyonipata mie.

Nilikuwaga naamini mlevi ni yule anayelala mtaroni. Mie nilikuwa na shati la mikono mirefu na kalamu mfukoni, ningekuwaje mlevi? Nilikunywa nikitoka kazini. Halafu nikawa nakunywa kabla ya kwenda kazini. Halafu chupa ndogo ikawa inakaa kwenye begi la madaftari ya wanafunzi, imeviringishwa ndani ya soksi ili isigonge kitu ikalia. Wenzangu wakiniuliza mbona natafuna karafuu kila saa, nawaambia jino linauma. Jino gani hilo lisilong'olewa miaka mitatu? Walijua. Walikuwa wananistahi tu.

Siku iliyonivunja ilikuwa mwanzoni mwa masika. Agnes alikwenda kumwona mgonjwa wa jumuiya yao, akaniachia mtoto. Nikanywa kidogo. Nikasema nakaa kwenye kochi dakika tano tu. Kilichoniamsha ni kelele za jirani yetu, mama mmoja anayepika vitumbua: "Mwalimu! We mwalimu! Mtoto wako!"

Nuru alikuwa amesukuma geti, amevuka barabara ya mtaa peke yake, amekwenda kukaa ukingoni mwa mtaro uliofurika maji ya mvua. Miguu inaning'inia, anatupa mawe majini, anacheka. Yule mama alimdaka kwa nyuma, kwa gauni. Na mie, baba mzazi, nilipofumbua macho nilisema nini? Nilisema, "Mwacheni acheze." Sikumbuki kusema hivyo. Nimeambiwa na watu watatu tofauti, na wote wamenitajia maneno yale yale. Mwacheni acheze! Jamani.

Agnes alirudi akakuta watu wamejaa uwanjani. Hakupiga kelele. Laiti angepiga. Alifunga nguo za mtoto kwenye kanga, akampigia simu dada yake anayekaa Chanika, akaita bajaji. Kabla hajapanda alinigeukia.

"Baba Nuru, mie sidai talaka. Ila huyu mtoto hutaachiwa tena peke yako, hata kwa dakika moja, mpaka nione umepona. Nione kwa macho yangu. Usije ukanipigia simu kuniambia umeacha. Umeshaniambia mara nyingi mno."

Bajaji ikaondoka. Nuru alinipungia mkono.

Ningependa kusema siku ile ile nilimwaga pombe yote. Sikumwaga. Niliimaliza. Siku ya tatu nilijitazama kwenye kioo, nikaona macho yangu ya njano kama kiini cha yai la kienyeji. Mikono ilikuwa inatetemeka hadi nikashindwa kufunga vifungo vya shati. Nikaenda hospitali kwa fulana.

Benchi la kusubiri nadhani walilitengeneza kwa ajili ya kuwatesa watu, halina mahali pa kuegemea. Nilikuwa nimeoga mara mbili asubuhi hiyo, nimejipaka mafuta, nimetafuna karafuu nusu pakiti. Hata hivyo mwanamke aliyekaa pembeni yangu alimhamisha mwanawe polepole, akamweka upande wa pili, kisha akajifanya anatafuta kitu kwenye mkoba. Iliniuma kuliko macho ya njano. Nikagundua kumbe nanuka kutokea ndani, na sabuni haifiki huko.

Nilipoingia nilisema nina malaria. Wakanitoboa kidole. Nikarudishwa kwenye benchi. Baada ya muda akatoka nesi, mwanamke wa Kizaramo, mnene, mwenye miwani kwenye kamba, wote pale wakimwita Sista Mwanaidi. Akanipeleka pembeni. Hilo namshukuru, maana sauti yake si ya kunong'ona.

"Mwalimu, malaria huna. Una pombe."

"Sista, mie nakunywaga kidogo tu."

"Haya. Nyoosha mikono."

Nikanyoosha. Vidole vilikuwa vinacheza vyenyewe. Akavitazama, akanitazama usoni. "Mikono imeshasema. Sasa we tulia nikwambie. Usije ukaenda kujifungia chumbani ukasema umeacha. Mtu aliyezoea kama wewe akikata ghafla anaweza kupata degedege kama mtoto mchanga, tukakuzika. Utakuja hapa kila asubuhi, siku tano. Sindano na vidonge, na utakula hata kama hutaki."

Siku hizo tano nazihesabu kwa sindano. Sindano ya kwanza nilitapika kwenye ndoo ya wafagizi. Ya pili nilitoa jasho mpaka godoro likalowa, nikalianika nje kama mtoto kikojozi, na majirani wakaona. Ya tatu niliona sisimizi ukutani ambao hawakuwepo, na nilijua hawapo, na bado nikawa nawafuta kwa kitambaa. Ya nne ilikuwa Jumamosi. Sista Mwanaidi akanishika bega.

"Dawa zikiisha utabaki na nani nyumbani?"

Nikashusha mkono wa fulana pale aliponidunga.

"Kuna watu wanakutana Jumamosi. Walioacha. Kuna kikundi hapo Mwananyamala."

"Hapana, sista. Huko kuna wazazi wa wanafunzi wangu."

"Ohoo, bado una heshima ya kulinda." Alicheka. "Basi nenda Buza ukajifiche, ilimradi ufike. Saa nane mchana. Ukifika kituoni uliza mashine ya kusaga. Uchochoro unaopita ubavuni mwa mashine, ingia. Utaona turubai la bluu na viti vya plastiki. Usimuulize mtu, watakuchunguza. Ingia tu ukae, hakuna atakayekuuliza jina. Wakifungua nafasi ya kusema, simama mapema kabla miguu haijakugomea. Sema jina lako, sema we mlevi. Ukishalisema hilo, mengine ni rahisi."

Nikavuka jiji zima kwenda Temeke. Buza sikuwa nimewahi kukanyaga. Mvua ilikuwa imenyesha asubuhi, njia ni tope, unaruka kutoka jiwe hadi jiwe. Mashine nikaiona, unga umetanda mpaka kwenye nyaya za umeme. Ubavuni mwake uchochoro, kama nilivyoelekezwa. Mwisho wa uchochoro, uwanja wa nyumba ya matofali isiyopigwa lipu. Turubai la bluu, viti vyeupe vya plastiki, wanaume wamekaa kimya, vichwa chini.

Nikasema moyoni, ndio hawa.

Najua mnachotaka kuniuliza. We Mtanzania mzima, mwalimu, umeona turubai na viti na wanaume walionyamaza, hukujua ni msiba? Nisikilizeni. Mie nilikuwa nimeambiwa turubai, nikakuta turubai. Nimeambiwa la bluu, likawa la bluu. Kichwa kilikuwa hakijatulia, jana yake tu nilikuwa nawafuta sisimizi. Hapakuwa na kilio. Wanawake walikuwa nyuma ya nyumba wanapika, na nikasema loo, hawa watu wanajaliana, mpaka chakula kipo! Na ule ustaarabu wetu wa misibani ndio uliomaliza kazi: mgeni haulizwi yeye ni nani wala anahusiana vipi na marehemu. Ukiingia unapewa kiti. Nikapewa kiti. Nikaletewa chai.

Kikombe kilinishinda. Chai ikawa inamwagika kwenye suruali. Baba mmoja mtu mzima aliyekaa kulia kwangu, ana kofia ya sufu na joto lote lile, akakishika kikombe kwa mkono wake, akaninywesha.

"Pole sana, kijana. Umetoka mbali?"

"Shikamoo, mzee. Nimetoka Kinondoni."

"Marahaba. Umejitahidi. Mambo haya si ya kukaa nayo peke yako nyumbani."

"Nimeambiwa hivyo hivyo."

Machozi yakaanza kunitoka. Ni wema ule wa kushikiwa kikombe. Tangu Agnes aondoke hakuna mtu aliyekuwa amenigusa isipokuwa kwa sindano. "Lia tu," akasema. "Wanaume nao wanalia." Nikalia. Nikamwona mtu wa mbele yangu ananigeukia kwa huruma. Nikawaza, kumbe kuacha pombe kuna watu wazuri hivi, nilikuwa nachelewa nini?

Akasimama mzee wa kanisa mwenye Biblia mkononi. Nilikuwa sioni vizuri alipo kwa sababu ya nguzo ya turubai na kichwa cha yule wa mbele. Akaomba kwa kifupi, kisha akasema, "Wapendwa, kabla hatujaendelea, mwenye neno moyoni mwake asimame aseme. Tusibaki nalo rohoni likatuumiza."

Simama mapema kabla miguu haijakugomea. Nikasimama.

"Naitwa Festo," nikasema. "Mie ni mlevi. Leo ni siku ya nne sijanywa."

Kimya. Nikadhani ndio utaratibu, wanakupa nafasi. Nikaendelea. Nikasema nimelala usingizi wa pombe mwanangu akaenda kukaa kwenye mtaro. Nikasema mke wangu kaondoka. Nikasema chupa ilikaa kwenye soksi. Nikasema, "Pombe inaniua, na nilikuwa naificha, nawaambia watu ni jino." Na katika kusema nikasogea hatua moja mbele, nguzo ikaacha kunikinga, nikaiona meza.

Kitambaa cheupe. Mshumaa. Picha ya kijana kwenye fremu, amevaa suti, anatabasamu, na maua ya plastiki pembeni.

Damu ilisimama. Sijui niseme vipi. Nilitazama ile picha, nikatazama watu, nikaona nyuso arobaini zimenikodolea, midomo wazi, na ndipo kila kitu kikaniangukia kwa mkupuo: turubai, chai, pole sana, lia tu kijana. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze na kiti changu.

Kijana mmoja mrefu akanyanyuka kutoka kwenye viti vya familia. Baadaye nilijua anaitwa Joakim, mdogo wa marehemu. Alinifikia kwa hatua tatu, akanikwida fulana.

"We nani? Eh? Nani kakutuma?"

"Kaka, nisamehe, nimepotea..."

"Umepotea! Umekuja kwenye msiba wa braza wangu kutudhihaki! Umesikia wapi kwamba alikuwa anakunywa? Nani kakwambia? Braza kafa kwa presha! Presha!"

Wallahi mie nilikuwa sijui lolote. Sikujua hata jina la marehemu. Lakini alivyotaja pombe yeye mwenyewe, watu wote wakainamisha vichwa kwa pamoja. Nikaelewa.

"Mwache."

Sauti ilitoka mlangoni. Mama mfupi, kanga mbili, kilemba cheusi, miguu mitupu. Alikatiza katikati ya wanaume, na watu wakavuta miguu kumpisha. Mama wa marehemu. Mama Denis.

"Mama, rudi ndani," Joakim akasema. "Huyu anatudhalilisha."

"Nimesema mwache, Joakim. Mwondolee mikono."

Akaniachia. Mama akaja mpaka mbele yangu. Ananifika kifuani. Nikasema, "Mama, nisamehe, sikujua," nikaanza kupiga magoti, akanizuia kwa kiwiko.

Akawageukia wao. "Juzi makaburini wamesimama watu wanane. Kazini kwake, mtaani, kanisani, ukoo. Wote presha. Presha, presha! Na mie nikaitikia, kwa sababu niliona aibu. Mashuka yenye damu aliyotapika alikuwa anayafua nani? Mie. Nilikuwa nafulia chooni watu wasione. Mficha maradhi kifo humuumbua, na sisi kimeshatuumbua, bado tunaficha nini?" Pumzi zilimwisha. Akasimama kidogo, ameshika fulana yangu pale pale aliposhika mwanawe, ila yeye alishika kama mtu anayejizuia asianguke. "Mtu pekee aliyesema ukweli kwenye msiba wa mwanangu ni huyu asiyemjua. Mwanangu, malizia ulichokuwa unasema."

"Nimemaliza, mama."

"Ulikuwa unakwenda wapi?"

"Nimeelekezwa kuna watu walioacha pombe. Turubai la bluu, viti vya plastiki."

Pale ndipo nilipopigwa na butwaa la pili, nadhani kubwa kuliko la kwanza. Mama alinyoosha kidole kwenye ukuta wa nyuma ya nyumba, ukuta wa matofali usiozidi urefu wa mtu. "Ni hapo," akasema. "Hapo hapo. Turubai hili ni lao. Viti ulivyokalia ni vyao. Walituazima msiba ulipoingia."

Yule mzee wa kofia ya sufu alikuwa ameshika kikombe changu bado.

"Miaka miwili," mama akasema. "Miaka miwili Denis amekaa chumba kile, dirisha linatazama ukuta ule. Kila Jumamosi anawasikia. Wanacheka sana wale. Ananiambia, 'Mama, hao wanacheka nini na hawajanywa?' Nikamwambia nenda ukaone. Anasema kesho. Na mie sikumlazimisha, niliogopa watu watamwona anaingia."

Akanishika mkono. Mfiwa, siku ya tatu, mama mzazi, akatoka kwenye msiba wake. Wanawake wakaja mbio kutoka jikoni, "Mama Denis, unakwenda wapi? Mama Denis!" Tukazunguka nyumba, tukapita kwenye tope, yeye miguu mitupu, mie najaribu kumpisha pakavu na yeye hataki. Mkono wake ulikuwa mgumu, wa mtu aliyefua maisha yake yote.

Kwenye uwanja wa pili watu saba walikuwa wamekaa kwenye benchi na ndoo zilizogeuzwa, kwa sababu viti vyao viko msibani. Kulikuwa na mama ananyonyesha, fundi magari mwenye ovaroli, mzee mmoja mstaafu wa bandari. Walipomwona waliinuka wote. "Mama, pole, tulikuwa tunakuja huko tukimaliza..."

"Nimewaletea huyu," akasema. "Wangu niliona aibu kumleta. Huyu msimpoteze."

Kisha akajifunika uso kwa kanga, akalia. Alilia kwa sauti ambayo nadhani alikuwa ameizuia tangu juzi, na yule mama anayenyonyesha akampa mtoto fundi magari, akamkumbatia. Fundi akabaki ameshika mtoto mikono imejaa grisi. Mie nilisimama nimeduwaa, sijui niende wapi, mpaka yule mstaafu akanivutia ndoo, akaniambia, "Kaa, kijana, jina sijui. Hapa umefika."

Basi ndivyo nilivyopata kikundi.

Masika yote niliyamaliza pale. Sitawadanganya kwamba ilikuwa rahisi. Wiki za kwanza nilikuwa nakula sukari kama nyuki. Usingizi ulikataa, halafu ukaja wa kupita kiasi. Macho yalirudi meupe polepole, nikawa nayakagua kila asubuhi kama mtu anayesubiri majibu ya mtihani. Kipupwe kilipoingia nilianguka mara moja, kwenye kumuaga mwalimu mwenzetu aliyehamishwa. Chupa mbili. Jumamosi iliyofuata nilikwenda Buza nikasema, "Naitwa Festo, leo ni siku ya tatu," baada ya kuwa nimeshafika siku ya sitini na kitu. Hakuna aliyenisema. Fundi magari akasema tu, "Karibu tena," na chai ikaendelea. Hilo nataka ulijue, wewe unayesoma hii umeanguka jana. Rudi.

Joakim alikuja mara moja, kurudisha viti. Alikuwa amevibeba kichwani, vimepangwa kama mnara. Akavishusha, akasimama pembeni mpaka tukamaliza, mikono mfukoni. Alinuka pombe. Nilipomwambia, "Karibu, kaka," alinitazama kama anataka kunikwida tena, akaondoka. Hajarudi. Dirisha lake nalo linatazama ukuta ule ule. Huwa tunacheka kwa nguvu zaidi akiwa nyumbani, makusudi.

Na Agnes? Nilifanya kama alivyosema, sikumpigia simu kumwambia nimeacha. Ila kila Jumamosi nikitoka kwenye kikundi nilikuwa napita kumsalimia Mama Denis, na siku moja akaniomba namba ya mke wangu. Nikampa nikiogopa. Alichomwambia nilikuja kusimuliwa na Agnes mwenyewe.

"Binti, mie sikwambii urudi. Mie nimezika. Nakwambia tu kwamba anakuja. Kila Jumamosi namchungulia ukutani."

Agnes alikaa kimya na habari hiyo mwezi mzima. Halafu Jumamosi moja, kwenye baridi za Julai, nikiwa nazungumza, nikaona juu ya ukuta vichwa viwili vimefungwa vilemba. Kimoja cha Mama Denis. Nikapoteza maneno. Mstaafu akaniambia, "Endelea, mwalimu, usiwatazame." Nikaendelea. Nilipotoka Agnes alikuwa ameshaondoka, hakunisubiri. Niliumia, lakini nilielewa. Alisema anataka kuona, na alikuwa amekuja kuona.

Baada ya hapo niliruhusiwa Chanika, Jumapili kwa Jumapili. Tunakaa uwanjani kwa shemeji yangu, yeye anamenya mihogo na kisu chake, jicho moja kwenye muhogo na jingine kwangu. Nuru mara ya kwanza alijificha nyuma ya gauni la mama yake. Akamuuliza, "Baba anaumwa bado?" Mama yake akamwambia, "Anapona." Mie nikaenda kunawa uso bombani, nikanawa muda mrefu.

Vuli ilipoanza walirudi Kinondoni. Lakini kurudi si kuaminiwa, na mtu asikudanganye. Wiki zote zile Agnes hakuniachia mtoto. Akienda dukani anambeba. Akienda bafuni anamsimamisha mlangoni awe anaimba, ili amsikie. Sikulalamika. Ningelalamikaje? Kuna siku nilitaka kusema, "Mama Nuru, mpaka lini?" nikameza.

Jumapili iliyopita alikuwa jikoni anakaanga vitunguu. Mie nimekaa sebuleni nasahihisha madaftari, Nuru yuko sakafuni anachora kwa kalamu yangu nyekundu. Nikasikia jiko limezimwa. Agnes akatoka amejifunga kanga, kikapu mkononi. Nikaweka daftari chini, nikasubiri amnyanyue mtoto.

"Nyanya zimeisha," akasema. "Nafika gengeni."

Akanitazama kidogo tu. Akatoka. Nikasikia geti linafungwa, na ndala zake zinaenda, yeye peke yake.

Nilinyanyuka kwenye kiti kama nimechomwa. Genge liko nyumba ya nne kutoka kwetu. Nikaenda nikahakikisha geti limefungwa, nikarudi mbio, nikamkuta Nuru pale pale alipokuwa, ameshika kalamu.

"Baba, kaa hapa. Chora nyumba."

"Nachora," nikamwambia. Nikainama, nikachora ukuta, nikachora paa, nikachora mlango, magoti yanauma. Akaniambia tena nikae. Sikukaa mpaka mama yake aliporudi.